Moshi wa Mashimoni na Fundi wa Picha

Kiswahili kina maneno kadhaa ya kutaja kile kinachosimama kati ya jicho na kitu kinachotazamwa. Kuna ukungu, ambao ni wa maji, hutanda alfajiri na kuyeyuka jua linapopanda. Ajabu ni kwamba neno hilohilo hutumika pia kwa ule uchafu wa kijani unaoota juu ya mkate wa siku nyingi. Kuna vumbi, na kuna moshi. Kisha kuna utusitusi, neno lisilojali chanzo, ambalo husema tu kwamba vitu havionekani barabara. Mpiga picha aliyelelewa Mashimoni, katika mtaa wa Kibera jijini Nairobi, hulihitaji zaidi hili la mwisho, maana kilicho mbele ya kamera yake aghalabu ni hayo yote kwa pamoja.

Mashimoni, kama jina linavyojieleza, ni mahali penye mashimo. Ni kimojawapo cha vijiji vya Kibera, jirani na Lindi na Laini Saba, na kimejibana katika bonde ambamo hewa hukawia kuondoka. Neno Kibera lenyewe limetokana na kibra, yaani msitu katika lugha ya Wanubi, wale askari wa asili ya Sudan na jamaa zao waliokaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Msitu umekwisha zamani. Badala ya miti pamesimama mabati, na badala ya umande wa msituni pana moshi wa makaa, wa taa za mafuta, wa taka zinazochomwa kandokando ya mitaro na wa samaki wanaokaangwa vichochoroni. Miezi ya Juni hadi Agosti, Nairobi inapokuwa na baridi na mawingu mazito, hewa baridi hulala chini na ile yenye joto hukaa juu yake mithili ya kifuniko cha sufuria. Moshi wa asubuhi huwa hauna pa kwenda. Mtu aliyesimama juu ya tuta la reli akitazama upande wa vilima vya Ngong huona safu ya mabati ya karibu, kisha safu ya pili iliyofifia, kisha kitu kama shuka la kijivu lililoanikwa.

Wageni wamelipenda shuka hilo. Tangu wacheza filamu na wanahabari walipoanza kumiminika Kibera, na hasa baada ya filamu ya The Constant Gardener iliyoongozwa na Fernando Meirelles kutolewa mwaka 2005, ikiwa na sehemu zilizopigwa papo hapo mtaani, taswira ya mabati yasiyo na mwisho yanayomezwa na moshi imekuwa kana kwamba ndiyo anwani ya mahali hapa. Haikosi uzuri wake. Mabati yanapofifia hatua kwa hatua hadi yakatoweka, picha hupata kina na mtaa huonekana mkubwa kuliko ulivyo. Ila ni uzuri wa mtu asiyetafuta nyumba fulani ndani ya picha hiyo. Mkazi hutazama kwa namna nyingine. Akionyeshwa picha, kidole chake hutangulia kabla ya maneno: hapa ni kwa fulani, hapa palikuwa na bomba la maji, na hapa, hapa penye kijivu, ndipo kwetu.

Yafaa kueleza kwanza utusitusi hufanya nini ndani ya picha, kwa kuwa wengi hudhani huificha tu. Mwaka 1924, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani aitwaye Harald Koschmieder alieleza kwa hesabu jambo ambalo wachoraji walilijua kwa macho. Nuru inayotoka kwenye kitu cha mbali hupungua njiani kwa sababu chembe zilizo hewani huitawanya. Wakati huohuo chembe hizohizo huipokea nuru ya jua na ya anga na kuielekeza kwenye jicho. Kwa hiyo mtazamaji hupata vitu viwili vilivyochanganyika, yaani nuru ya kitu iliyopungua na nuru ya hewa iliyoongezwa. Kadiri umbali unavyozidi, ndivyo ya kwanza inavyopungua na ya pili inavyozidi. Ndiyo maana mlango mweusi ulio mbali hauonekani mweusi bali wa kijivu. Weusi wake upo, ila umemwagiwa nuru.

Rangi nazo hutendewa kwa ubaguzi. Matone ya ukungu ni makubwa, hivyo hutawanya rangi zote karibu sawasawa na kuonekana meupe. Chembe za moshi mwembamba ni ndogo mno, nazo huitawanya zaidi nuru ya buluu kuliko nyekundu. Leonardo da Vinci aliwahi kuandika kwamba moshi wa kuni huonekana wa buluu ukiwa mbele ya kitu cheusi. Hakuna haja ya kwenda Italia kuhakikisha. Mtu na asimame Mashimoni asubuhi, atazame moshi wa jiko ukipita mbele ya mlango ulio wazi, kisha autazame moshi uleule ukipanda juu ya paa mbele ya anga. Hapo chini ni wa buluu. Pale juu umegeuka rangi ya chai.

Enzi za filamu, mpiga picha wa mtaani hakuwa na la kufanya isipokuwa kungoja. Alingoja mvua ioshe hewa, au upepo wa mchana, au alimsogeza anayepigwa picha karibu ili utusitusi usipate nafasi ya kuingia kati yao. Kioo chekundu cha kuweka mbele ya lenzi kilisaidia kwa filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa sababu kiliizuia ile buluu. Wangapi mtaani walikimiliki ni suala jingine. Isitoshe, filamu zenyewe hazikutengenezwa kwa ajili ya watu wa hapa. Kwa miongo kadhaa maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi ya mfano iliyoitwa Shirley, yenye picha ya mwanamke mweupe, na sura nyeusi ikawa kitu cha kusahihishwa baadaye kama nafasi ingepatikana. Hilo si la kusahauliwa katika suala hili la utusitusi. Mashine inayotafuta weusi wa kuutia kiza zaidi haijui kutofautisha kivuli na shavu la mtoto.

Kamera za dijitali zilipoanza kupatikana kwa bei ya mitumba katika miaka ya 2000, wapiga picha wa Kibera walianza kuvuka Ngong Road kwenda Kawangware, ambako vibanda vya kompyuta vilisongamana karibu na kituo cha matatu za namba 46. Mmojawao, kijana wa Mashimoni aliyekuwa akipiga picha za ubatizo, mazishi na siku za kuzaliwa, aliingia ubia usio na maandishi na mwenye kibanda kimojawapo. Alileta kadi ya kumbukumbu na hela ya umeme; mwenzake alikuwa na kompyuta na printa. Katika kompyuta hiyo mlikuwa na Photoshop 7.0, toleo la mwaka 2002. Miaka ilipita, matoleo mengine yakaja na kuondoka, na kibanda kikabaki na lilelile, kwa kuwa ndilo pekee ambalo mashine ile ingeweza kulibeba bila kuzimika.

Picha inayozungumziwa hapa kijana huyo aliipiga Julai 2007 kutoka kwenye tuta la reli, kwa kamera ya megapikseli tatu. Karibu kabisa kuna watoto watatu wenye mitungi ya maji, na mmoja wao amegeuka kumtazama. Nyuma yao bonde linashuka na mabati yanaanza. Baada ya safu kama ya kumi, kila kitu kimezama katika kijivu. Hakumlipisha mtu yeyote, wala hakuna aliyeitaka. Ilikaa katika diski zaidi ya miaka kumi.

Julai 2018 mitambo iliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba za maelfu ya watu zilibomolewa pamoja na shule kadhaa, na Mashimoni ikawa miongoni mwa vijiji vilivyopitiwa. Kilichofuata kwa mpiga picha hakukitarajia. Watu waliokuwa hawana haja na picha za mabati sasa walimjia kuuliza kama alikuwa na yoyote inayoonyesha upande fulani, mwaka wowote. Wa kwanza alikuwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akikaanga samaki Mashimoni kwa miaka mingi na ambaye, baada ya kubomolewa, alihamia chumba cha kupanga huko Kawangware.

"Mwanangu," alimwambia, "ile picha uliyopiga kutoka relini kabla ya ule uchaguzi wa fujo, bado unayo?"

"Ninayo, mama, lakini huko nyuma hakuonekani kitu. Moshi umekufunika."

"Haidhuru. Wewe nitafutie nyumba yangu tu."

Kazi hiyo ilichukua usiku wa siku mbili, na yafaa kuisimulia kwa utaratibu, kwa sababu programu ya zamani haikuwa na amri moja ya kuondoa utusitusi. Amri kama hiyo iliingia katika programu za kampuni ya Adobe mwaka 2015, ikiwa ni kitelezi kimoja cha kusukuma kulia au kushoto. Aliye na Photoshop ya mwaka 2002 hana budi kuuondoa kwa mikono, kipande kwa kipande, akijua anachokifanya.

Jambo la kwanza ambalo mafundi wengi hulikimbilia ni ile amri ya kusawazisha viwango vya nuru kwa kujiendesha. Kompyuta hutafuta doa jeusi kuliko yote na jeupe kuliko yote, kisha huvuta kila kilicho kati yake. Katika picha hii amri hiyo haikufaa kitu. Weusi wa kweli ulikuwepo tayari, kwenye vivuli vya karibu, kwa hiyo mashine iliona picha haina kasoro ikaugusa utusitusi kidogo mno. Fundi alipolazimisha kwa mkono, akausogeza mshale wa weusi kuelekea katikati, mabati ya mbali yalianza kujitokeza, lakini watoto watatu wakageuka vivuli. Sura ya yule aliyegeuka ikapotea kabisa, yakabaki meno na mtungi wa manjano.

Hivyo basi alianza upya, na mara hii alitazama mikondo ya rangi mmoja mmoja. Kila picha ya rangi katika kompyuta ni picha tatu zilizolaliana: nyekundu, kijani na buluu. Alipoufungua mkondo wa buluu peke yake, nusu ya juu ya picha ilikuwa karatasi tupu. Wa kijani ulionyesha mistari michache. Mkondo mwekundu, kwa ile sababu ya moshi kuitawanya zaidi buluu, ulikuwa na paa, kingo za paa, hata nguzo za umeme. Ni kana kwamba mtu alikuwa amekipachika kile kioo chekundu cha zamani mbele ya lenzi miaka kumi na moja baadaye. Aliunakili mkondo huo, akauweka juu ya picha kama tabaka jipya, akaiagiza programu ichukue kutoka kwake mng'ao tu na kuziacha rangi kwa tabaka la chini.

Kisha likaja suala la umbali. Utusitusi haulingani: haupo kabisa kwa watoto, ni mwembamba katika safu ya tano, na mzito katika safu ya ishirini. Tiba inayotolewa kwa kipimo kimoja kwa picha nzima huua wazima ili kuponya wagonjwa. Programu ya zamani ilikuwa na njia ya kufunika tabaka kwa kinyago, ambapo palipopakwa rangi nyeupe hupitisha mabadiliko, palipopakwa nyeusi huyazuia, na kijivu hupitisha kiasi. Fundi alivuta mfifio kutoka upeo wa juu hadi miguuni pa watoto, kisha akaanza kuurekebisha kwa brashi ndogo, maana bonde halishuki kama ubao ulioegemezwa. Lina matuta, na kila tuta huanza umbali wake upya.

Eneo la mbali lilikuwa limebanwa katika ngazi 65 hivi za mng'ao kati ya zile 256 ambazo faili ya kawaida huwa nazo. Kulivuta hadi lijaze nafasi maana yake ni kuacha mapengo kati ya ngazi na ngazi, na kukuza kila dosari zaidi ya mara tatu: chembechembe za kamera, na vile visanduku vya pikseli nane kwa nane ambavyo namna ya kubana faili huviacha. Hakuna programu, ya zamani wala ya sasa, inayoweza kurudisha nuru ambayo haikufika kwenye kamera. Inachoweza ni kuitoa ile nuru ya hewa iliyoongezwa. Kilichobaki chini yake, kama ni kidogo, hubaki kidogo.

Mwisho alitumia chujio la kunoa, ila si kwa namna ya kawaida. Chujio hili lina asili katika chumba cha giza, ambako mafundi walilaza nakala iliyofifishwa ya negativu juu ya negativu yenyewe ili tofauti za karibu zijitokeze. Kwa kawaida huwekewa nusu kipenyo cha pikseli moja au mbili na nguvu nyingi. Kwa utusitusi hufanywa kinyume: nguvu kidogo, kama asilimia 20, na nusu kipenyo kikubwa cha pikseli 50 au 60. Kingo hazinolewi. Kinachotokea ni kwamba kila eneo hutofautishwa na jirani yake, na pazia la kijivu huinuka kidogo bila kelele. Fundi aliirudia mara mbili kwa nguvu ndogo badala ya mara moja kwa nguvu kubwa, kisha akapunguza ile buluu iliyokuwa imejificha vivulini.

Hapa panafaa neno juu ya zile njia mpya. Mwaka 2009, Kaiming He na wenzake wawili walichapisha kanuni iliyosifiwa sana. Waligundua kwamba katika picha za nje zisizo na utusitusi, karibu kila kipande kidogo, ukiacha anga, huwa na mahali ambapo angalau rangi moja kati ya tatu iko karibu na sifuri. Basi nuru yoyote inayoonekana hapo itakuwa ni ya hewa, na inaweza kupimwa na kutolewa. Ni wazo la kupendeza kwa wepesi wake. Hata hivyo wenyewe walisema kwamba hukwama panapokuwa na vitu vikubwa vinavyofanana na utusitusi kwa rangi, yaani vyeupe visivyo na kivuli. Mtu wa Kibera hahitaji kufikiri mara mbili kuhusu kitu gani hicho. Bati jipya lililopokea anga lote la Julai ni jeupe kama utusitusi wenyewe. Mashine inayofuata kanuni hiyo bila msimamizi italiona bati jipya kuwa ni moshi na italitia kiza mpaka lifanane na yaliyoshika kutu.

Nyumba ya yule mama ilijulikana kwa bati jipya. Alikuwa ameeleza kabla: upande wa kushoto wa mti pekee, paa lenye kutu lote isipokuwa bati moja aliloweka baada ya mvua ya mwaka uliotangulia, na juu yake tairi kuukuu la kuzuia upepo. Usiku wa pili fundi aliliona. Paa zima lilikuwa na upana wa pikseli 40 hivi. Tairi lilikuwa doa. Bati lilikuwa mstari mweupe usio na shaka, na alikuwa ameupaka kinyago pale kwa uangalifu ili usizimike.

Mama alipoitwa kibandani, alikaa kimya muda mrefu mbele ya kiwambo. Kisha akauliza, "Hii ni nyumba ya nani?"

"Si ni yako, mama? Bati si ndilo lile?"

"Bati ni langu. Lakini moshi wangu uko wapi?"

Katika picha ya awali, kando ya paa hilo, kulikuwa na mkanda hafifu wa moshi uliokuwa ukipanda kutoka kwenye karai lake la mafuta. Mwenye jicho la kawaida asingeutenganisha na kijivu kilichouzunguka. Mama aliujua kwa sababu alijua saa: asubuhi hiyo alikuwa tayari amewasha jiko, na kama ameliwasha basi moshi ulikuwapo. Mkondo mwekundu, uliosifiwa kwa kuupenya moshi, ulikuwa umeupenya na huo pia. Kilichobaki ni nyumba safi, iliyonyamaza, ambayo ingeweza kuwa ya mtu yeyote aliyelala hadi saa nne.

Ni rahisi kumwonea mama huyu kwamba aliupenda moshi. Hakuupenda. Macho yake yalikuwa yakimtoka machozi kwa miaka, na kifua chake kilikuwa na kikohozi ambacho daktari hakuhitaji kuambiwa chanzo chake. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 liliteremsha kiwango kinachopendekezwa cha chembe laini hewani hadi mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka, baada ya kuwa 10 tangu 2005, na mtu anayeinamia karai la mafuta juu ya makaa katika kichochoro kisichopita gari wala upepo hana haja ya kipimo ili ajue kwamba yuko mbali na kiwango hicho. Alichokuwa akikidai ni kitu kingine. Moshi ule ulisomesha watoto. Ulikuwa kazi yake, na ndiyo ishara pekee katika picha nzima kwamba alikuwapo.

Kwa aliye na kitelezi kimoja, dai kama hilo lingekuwa na jibu gumu: picha nzima iwe na utusitusi au isiwe nao. Kwa tabaka na kinyago halikuwa gumu hata kidogo. Fundi alichagua brashi laini, akaipunguza nguvu hadi asilimia 30, na akapaka weusi juu ya kinyago kando ya lile paa. Tabaka la chini likachungulia. Mkanda ukarudi, wa buluu pale ulipopita mbele ya mlango, wa rangi ya chai ulipofika juu ya paa. Hakuchora chochote kipya. Aliacha tu kuondoa.

Tofauti kati ya kuchora na kuacha kuondoa ni nyembamba, na wenye taaluma hawajakubaliana iwekwe wapi. Mwaka uleule wa 2015 ambapo kitelezi cha kuondoa utusitusi kilitolewa, mashindano ya World Press Photo yaliziondoa asilimia 20 ya picha zilizofika duru ya kabla ya mwisho kwa sababu ya jinsi zilivyokarabatiwa. Lau picha ya Mashimoni ingepelekwa huko, au mahakamani kuthibitisha kwamba nyumba fulani ilisimama mahali fulani, kilichotakiwa kingekuwa ile faili ya kamera yenyewe, pamoja na kijivu chake chote, na mtu wa kueleza ilivyopatikana na kuhifadhiwa. Fundi alilijua hilo. Faili ya awali aliinakili katika diski mbili na hakuigusa. Iliyosafishwa aliipa jina jingine ili zisije zikachanganywa na mtu mwenye haraka.

Ila picha ya ukutani ni jambo jingine. Mama alitaka ichapishwe kubwa, na fundi alimweleza kwamba kubwa sana ingeonyesha vile visanduku. Wakakubaliana kwa ukubwa wa karatasi ya kawaida ya ofisi. Kwa umbali wa mkono mmoja nyumba ilionekana. Kwa umbali wa mikono miwili watoto wenye mitungi walionekana zaidi, na mama alimtambua yule aliyegeuka, akataja jina la mama yake na mahali alikohamia.

Mama wa mtoto huyo alikuja juma lililofuata. Baada yake akaja mzee aliyekuwa akiuza mafuta ya taa, ambaye nyumba yake ilikuwa upande wa kulia wa mti, na ambaye alitaka moshi wote uondolewe, wake na wa majirani, kwa maneno ambayo hayawezi kuchapishwa katika jarida. Kisha wakaja dada wawili waliotafuta paa la shule. Kila mmoja alifunguliwa nakala ya faili ileile, na kwa kila mmoja fundi aliongeza tabaka lenye kinyago chake: hapa pasafishwe, hapa paachwe. Tabaka zikafika 11. Kompyuta ya Kawangware ilihitaji dakika sita kuihifadhi picha, na muda wote huo mwenye kibanda hakuruhusu mtu mwingine aguse kipanya, wala birika la chai lisiwashwe, umeme usije ukakatika.